Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone: Tafakuri Kuhusu Kuongeza Nyumba Kongwe

Wahenga walituachia methali mbili ambazo hazijapata kukaa pamoja kwa amani. Ya kwanza husema kwamba mwacha asili ni mtumwa. Ya pili husema kwamba kipya kinyemi ingawa kidonda. Mwanafunzi wa fasihi simulizi hufundishwa mapema kwamba methali hukinzana, na kwamba ukinzani huo si kasoro bali ni dalili ya jamii inayojua kuwa maisha hayana jibu moja. Hata hivyo, ni jambo moja kuutambua ukinzani huo katika ukumbi wa mihadhara, na ni jambo jingine kabisa kukutana nao ukiwa umeketi na jamaa zako, duka la marehemu babu likiwa ndiyo mada, na kila mmoja akisubiri useme uko upande wa methali ipi.

Makala haya yanahusu nyumba kongwe na nyongeza zake. Kiswahili kina msamiati wa kutosha wa jambo hili. Tunalo neno upenu, yaani sehemu ya paa inayotokeza nje ya ukuta na kumkinga mpita njia. Tunacho kipenu, kibanda kinachoegemezwa ubavuni mwa nyumba iliyokwisha simama. Tunalo banda la uani, na Lamu kuna wikio, ambalo nitalieleza hapo mbele. Lugha yenye maneno kama haya haiwezi kuwa ya watu walioamini kwamba nyumba ikishajengwa haiguswi tena. Kwa hiyo swali si iwapo nyumba kongwe iongezwe au isiongezwe. Swali ni iongezweje ili isipoteze ule uso ambao watu wameujua.

Nilizaliwa na kulelewa Kitui. Msomaji anayetoka Lamu au Unguja akisikia Mkamba anazungumza juu ya nyumba kongwe huenda akatabasamu, na simlaumu. Hatuna miji ya mawe ya matumbawe wala milango ya nakshi. Nyumba yetu ya jadi ilikuwa ya mviringo, ya miti na nyasi, na mbele ya boma palikuwa na thome, uwanja ambapo wazee walikaa na moto wao. Pamoja na hayo, historia haikutupita. Johann Ludwig Krapf, ambaye wengi wetu tunamjua kwa kamusi yake ya Kiswahili iliyochapishwa mwaka 1882, alifika Kitui mwaka 1849 na kupokewa na Kivoi, mfanyabiashara mashuhuri wa misafara ya kwenda pwani. Reli ya Uganda, iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896 na kufika Nairobi mwaka 1899, ilikata nchi ambayo leo ni Kaunti ya Makueni na kuacha stesheni Mtito Andei, Kibwezi, Makindu na Sultan Hamud. Wafanyabiashara wa Kihindi wakafuata reli, kisha wakafuata barabara hadi ndani ya Kitui, na kila walipofika walijenga maduka.

Maduka hayo ndiyo mji mkongwe wetu. Yeyote aliyepita katika vituo vya zamani vya biashara vya Ukambani ameyaona: ukuta wa mbele wa mawe, paa refu la bati, milango ya mbao ya kukunjwa, na mbele yake baraza lililoinuliwa ngazi mbili tatu na kufunikwa na upenu unaobebwa na nguzo. Duka moja pekee halina ajabu. Ajabu iko katika safu. Pale maduka yanapopangwa bega kwa bega, baraza la mmoja huendelea hadi baraza la mwenziwe, na mtu anaweza kutembea kutoka mwisho mmoja wa soko hadi mwingine bila kupigwa na jua. Katika nchi kame kama yetu, kivuli hicho si pambo. Ni mali ya umma iliyojengwa kwa fedha za watu binafsi.

Safu hizi zimekabiliwa na mambo matatu. La kwanza ni kubomolewa. Tangu serikali za kaunti zianze kazi mwaka 2013, miji ya Kitui na Wote imekua kwa kasi, thamani ya viwanja imepanda, na nyumba ya ghorofa moja imeonekana kuwa hasara iliyosimama. La pili ni kutelekezwa. Huduma ya abiria ya reli mpya ilipoanza mwaka 2017, stesheni mpya za Mtito Andei, Kibwezi na Emali zilijengwa, na treni ya abiria ya reli ya zamani kati ya Nairobi na Mombasa ikakoma. Stesheni kongwe hazikubomolewa wala kuongezwa. Ziliachwa tu zizeeke peke yake. La tatu, ambalo ndilo linalonishughulisha zaidi, ni kuongezwa vibaya. Mwenye duka anahitaji vyumba. Anaziba baraza kwa matofali ya saruji ili apate chumba cha ziada mbele, kivuli kinakatika, na mpita njia analazimika kushuka barabarani penye magari. Au anapandisha ghorofa juu ya ukuta ambao haukujengewa ghorofa. Baada ya misimu miwili ya mvua ufa unatokea juu ya mlango, naye anaupaka rangi.

Familia yangu ilifikishwa kwenye njia panda hiyo miaka michache iliyopita. Babu alinunua duka lake mwaka 1969, katika kituo kidogo cha biashara kusini mwa mji wa Kitui. Sheria ya Leseni za Biashara ya mwaka 1967 ilikuwa imewawekea mipaka wafanyabiashara wasio raia, hasa nje ya miji mikubwa, na maduka mengi ya Wahindi vijijini yalikuwa yakibadilisha wenyewe. Babu aliuza ng'ombe, akakopa kwa shemeji yake, akawa mwenye duka. Alipofariki aliacha duka hilo, ua mpana nyuma yake, mjane, na watoto wanne walio hai ambao hawakuwahi kukubaliana juu ya jambo lolote kubwa.

Kikao kiliitishwa Desemba, wakati ambapo kila mtu huwa nyumbani. Baba mkubwa alitaka duka libomolewe, na pahali pake papande jengo la ghorofa tatu lenye vyumba kumi na viwili vya kupangisha. "Hili si gofu la Gedi," alisema. "Ni duka. Kazi ya duka ni kuuza." Baba yangu alitaka lisiguswe kabisa, kwa kuwa jina la babu bado limeandikwa juu ya mlango kwa rangi ya buluu. Baba mdogo alikuja na hoja ambayo sikuwa nimeitarajia, na ambayo nimeendelea kuitafakari hadi leo. Alisema: "Mnalilia urithi gani? Nyumba hii ilijengwa na Mhindi, kwa ajili ya Wahindi, katika nchi iliyotawaliwa na Mwingereza. Asili yetu ilikuwa nyasi, nayo ilishaoza. Tunalinda asili ya nani?"

Shangazi hakuzungumzia asili. Alisoma kutoka kwenye daftari gharama za dawa za nyanya kwa mwaka mzima, kisha akalifunga. Kimya kilichofuata kilikuwa kizito kuliko hotuba zote tatu zilizotangulia, maana kila mtu alijua ni nani aliyekuwa akizilipa.

Nyanya, ambaye sisi humwita susu kwa Kikamba, aliombwa kauli yake. Alisema kwamba hakumbuki Mhindi yeyote katika baraza lile. Anakumbuka mahali alipokuwa akiketi na maharagwe yake ya kuuza kabla babu hajalinunua duka. Anakumbuka barua zilizosomwa pale kwa ajili ya akina mama wasiojua kusoma, ambao waume zao walikuwa wakifanya kazi Mombasa na Nairobi. Anakumbuka mwaka wa ukame ambapo chakula cha msaada kiligawiwa pale kwa sababu palikuwa na kivuli. "Mjukuu wangu," akaniambia, "wewe ndiye unayesoma vitabu vya kale. Vitabu vyenu vinasemaje mtu akitaka kuongeza nyumba bila kuifukuza ile iliyopo?"

Nilimjibu kwa heshima kwamba nitatazama. Nilimaanisha hivyo, nami nilirudi chuoni na swali lake.

Mahali pa kwanza nilipotazama ni Lamu, mji ambao UNESCO iliuingiza katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001. Usam Ghaidan, katika utafiti wake juu ya mji huo uliochapishwa mwaka 1975, anatuonyesha nyumba za mawe ambazo zilikua pamoja na familia. Binti alipoolewa, desturi haikumtoa katika nyumba ya wazazi wake. Nyumba ndiyo iliyoongezwa. Pengine orofa ilipandishwa juu. Pengine chumba kilitandazwa juu ya njia hadi ukuta wa nyumba ya pili, na hicho ndicho kiitwacho wikio. Anayepita chini ya wikio haoni kwamba ameporwa njia, amepewa kivuli. Hilo lilinigusa kwa namna ya pekee, kwa sababu nyongeza ya Lamu ililipa kodi yake kwa mpita njia, ilhali nyongeza za sokoni kwetu zinamnyang'anya.

Kwa nini nyongeza za Lamu zinapatana na nyumba zake? Sehemu ya jibu ni vifaa. Dari lilibebwa na boriti za mikoko, na boriti ina urefu wake. Chumba hakiwezi kuwa kipana kuliko mti unavyoruhusu. Kwa hiyo chumba kilichojengwa leo na kile kilichojengwa miaka mia moja kabla yake vilikuwa na upana unaokaribiana bila mtu yeyote kuamriwa. Mawe yalikuwa yale yale ya matumbawe, na kiungo kilikuwa chokaa, ambayo huruhusu ukuta kupumua unyevu wake. Mjenzi alikuwa huru, lakini uhuru wake ulikuwa ndani ya mizani.

Neno mizani ndilo lililonirudisha katika taaluma yangu. Wanafunzi wa ushairi tunayo bahari inayoshughulika na nyongeza tu, nayo ni takhmisi. Mshairi wa baadaye huchukua shairi la mtangulizi wake lenye beti za mishororo miwili, akauongezea kila ubeti mishororo mitatu, ukawa wa mishororo mitano. Mfano unaojulikana zaidi ni takhmisi ya Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir juu ya shairi linalonasibishwa na Fumo Liyongo, ambayo Edward Steere aliichapisha katika mkusanyiko wake wa mwaka 1870. Na huyu Sayyid Abdalla si mwingine ila yule aliyetunga Al-Inkishafi, utenzi unaoyatazama majumba ya Pate yakiwa magofu. Mtu aliyejua uchungu wa nyumba kuanguka kuliko washairi wetu wote ndiye pia aliyejua jinsi ya kuongeza juu ya kazi ya aliyemtangulia.

Hebu tuitazame takhmisi kwa jicho la mjenzi. Kwanza, mishororo ya kale haiguswi. Mwongezaji hana ruhusa ya kubadilisha hata silabi moja ili kazi yake mpya iwe rahisi. Pili, kina cha mishororo mipya hutokana na kina cha mshororo wa kwanza wa kale. Mgeni ndiye anayejifunza lugha ya mwenyeji. Tatu, neno la mwisho hubaki la mtangulizi. Mishororo mipya hutangulia na kuandaa njia, kisha sauti ya kale ndiyo inayofunga ubeti. Nne, msomaji aliyezoea anaweza kuona mshono. Anajua mishororo ipi ni ya Liyongo na ipi ni ya Abdalla, na hakuna aliyejaribu kumdanganya. Ubeti ni mmoja, watunzi ni wawili.

Nilipousoma baadaye Mkataba wa Venice wa mwaka 1964, ambao wataalamu wa uhifadhi huutegemea, nilihisi kana kwamba nimekutana na jamaa. Mkataba huo unaeleza kwamba nyongeza haikubaliki ikiwa itaharibu sehemu muhimu za jengo, mandhari yake ya jadi, uwiano wake, au uhusiano wake na mazingira. Aidha, unataka sehemu mpya inayojaza pengo ipatane na jengo zima na papo hapo itofautike na ya asili, ili historia isighushiwe. Washairi wa upwa wetu walikuwa wakiyatenda hayo kwa maneno muda mrefu kabla wanasheria wa majengo hawajakutana Venice.

Mpenzi msomaji asidhani kwamba nyongeza zote nzuri ziko pwani. Makindu, katika Kaunti ya Makueni, pana hekalu la Wasikhi, au Makalasinga kama wengi wanavyowaita, lililojengwa mwaka 1926 na jamii iliyofika huko kwa ajili ya kazi ya reli. Hadi leo msafiri wa dini yoyote katika barabara ya Mombasa anaweza kuingia, akavua viatu, akafunika kichwa, na kupewa chakula bila malipo. Miaka ilivyopita wageni waliongezeka, na malazi yao yakaongezwa. Lakini pamoja na majengo yote ya baadaye, mtu akiingia hana shaka ni wapi penye moyo wa mahali pale. Nyongeza zinahudumia hekalu, hazishindani nalo. Nimekula pale mara kadhaa nikielekea Mombasa, na kila mara nimeona kwamba ukarimu una umbo lake hata katika ujenzi.

Mji wa Sultan Hamud, ulio mbele kidogo katika reli hiyo hiyo upande wa Nairobi, unatuunganisha na somo jingine. Uliitwa hivyo kwa heshima ya Hamud bin Muhammad, Sultani wa Zanzibar kuanzia 1896 hadi 1902, aliyeizuru reli mwaka 1898 ilipokuwa ikijengwa. Ni katika enzi ya sultani huyo kwamba Beit el-Ajaib ya Unguja ilipata mnara wake wa saa. Jumba lenyewe lilijengwa na Sultani Barghash mwaka 1883 bila mnara huo. Mnara ulikuja baada ya mashambulizi ya Waingereza ya Agosti 1896 kuharibu majengo ya kasri yaliyokuwa jirani. Ni nani leo anayeweza kuifikiria Beit el-Ajaib bila mnara? Nyongeza ilipokaa vizuri iligeuka kuwa uso wenyewe. Jumba hilo lilipoporomoka sehemu kubwa tarehe 25 Desemba 2020 likiwa linakarabatiwa, na watu wawili wakapoteza maisha, lililoliliwa lilikuwa kazi ya masultani wawili, wa msingi na wa nyongeza.

Mji Mkongwe huo huo una mfano wa upande wa pili. Jumba la Mambo Msiige, la karne ya 19, lilifanywa hoteli iliyofunguliwa mwaka 2015, na jengo jipya likaongezwa pembeni yake ufukweni. Kamati ya Urithi wa Dunia ilieleza wasiwasi wake juu ya ukubwa na urefu wa jengo hilo jipya. Vifaa vinaweza kuwa vizuri na rangi ikafanana, lakini ikiwa mgeni ni mrefu kuliko mwenyeji na anasimama mbele yake, salamu zote zitamwendea yeye. Kipimo cha nyongeza huanza na kimo kabla hakijafika kwenye madirisha.

Niliporudi nyumbani likizo iliyofuata, sikuenda na hotuba. Nilikwenda na fundi mwashi, mzee aliyekuwa amejenga shule na makanisa mengi tarafani kwetu. Alifukua kidogo chini ya ukuta wa mbele kwa sururu, akagusa kwa vidole, kisha akasema kwamba mawe ya msingi yamekalia udongo na chokaa tu, hakuna zege wala nondo. "Ukuta huu umezoea kubeba bati," alisema. "Ukiubebesha ghorofa utabeba siku chache, halafu utakutua wewe." Hoja ya kupandisha juu ilikufa pale pale, bila mtu kuitaja asili.

Ikabaki hoja ya ua. Tulikubaliana, baada ya vikao vitatu zaidi, kwamba jengo jipya la ghorofa moja juu lisimame nyuma, katika ua, kwa msingi wake na nguzo zake. Fundi alisisitiza lisifungwe kwenye ukuta wa kale, kwa sababu majengo mawili yenye misingi tofauti huzama kwa kasi tofauti, na pale yalipounganishwa kwa nguvu ndipo ufa huzaliwa. Kati yake pameachwa ujia mwembamba wenye paa jepesi. Matofali ni ya kuchoma, yaliyofyatuliwa kwa udongo wa mtoni kwetu, bila lipu, kwa hiyo mtu yeyote anaona kwamba si mawe ya zamani na wala hayajifanyi kuwa. Paa ni la bati, lenye mteremko ule ule wa duka, na maji yake yanaingia katika tangi badala ya kumwagikia ukuta wa babu. Limerudishwa nyuma kiasi kwamba mtu aliyesimama barabarani huona kwanza baraza, kisha jina la buluu, na nyuma kabisa ukingo wa paa jipya.

Vyumba ni sita. Si kumi na viwili. Hapa ndipo ningependa wanafunzi wenzangu tusimame kidogo, kwa sababu sisi hupenda kusifu urithi bila kuuliza ni nani anayeulipia. Vyumba sita visivyojengwa ni kodi isiyoingia kila mwezi. Baba mkubwa aliihesabu mbele yetu, na hesabu yake ilikuwa sahihi. Hadi leo hajasema kwamba tulifanya vyema. Amesema tu kwamba amekubali. Kivuli cha baraza kinatumiwa na soko zima, lakini gharama ya kukihifadhi imebebwa na familia moja, na ndani ya familia hiyo, zaidi na shangazi. Tuliafikiana kwamba kodi ya vyumba viwili vya kwanza iende moja kwa moja kwenye dawa za nyanya na ukarabati wa duka, kabla ya mgawo wowote. Nyongeza ndiyo inayomtunza mwenyeji wake. Bila sharti hilo, nadhani baba mkubwa angekuwa na haki ya kutushinda.

Na lile swali la baba mdogo, asili ya nani? Nimelijibu hivi, ingawa sidai kwamba yeye ameridhika. Fumo Liyongo hakumwandikia Sayyid Abdalla. Shairi lilikuja kuwa lake kwa sababu alilipokea, akalihifadhi na kulizungumzisha upya. Lugha yetu yenyewe imejaa maneno yaliyojengwa na wengine, ambayo tuliyapokea, tukayapa irabu mwishoni na kuyapanga katika ngeli, na hakuna anayeliona neno meza au kitabu kuwa mgeni. Duka la babu lilijengwa na Mhindi, likanunuliwa kwa ng'ombe wa Mkamba, likakaliwa na mama wa maharagwe. Tunaolinda asili yake ni sisi tuliokaa katika kivuli chake.

Kisheria, mambo haya si ya kuachiwa familia pekee. Sheria ya Makavazi na Turathi ya Kitaifa ya mwaka 2006 inaruhusu majengo ya kihistoria kutangazwa na kulindwa, na Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi ya mwaka 2019 inazipa kaunti mamlaka ya kuidhinisha ujenzi. Si lazima kila soko la Kitui na Makueni liwe Lamu. Ingetosha kaunti kuweka masharti machache mepesi kwa zile safu chache za maduka kongwe zilizosalia: baraza lisizibwe, jengo jipya lirudi nyuma ya upenu, na anayetimiza masharti hayo apunguziwe ada ya kibali au kodi ya kiwanja. Sharti la mwisho ndilo muhimu kuliko yote. Jamii ikitaka kivuli na ichangie kivuli.

Sisi wa Kiswahili tuna sehemu yetu katika kazi hiyo. Wasanifu majengo na maafisa wa mipango hufikiri na kuandika kwa Kiingereza, ilhali wenye maduka na mafundi huzungumza Kiswahili na Kikamba. Baina yao hakuna istilahi ya pamoja ya kuelezea kwa nini nyongeza moja inafaa na nyingine haifai. Tunayo maneno tayari: upenu, kipenu, baraza, wikio, mizani, kina, mshono. Tunaweza kuyakusanya, kuyafafanua na kuyapeleka katika vikao vya kaunti kama tunavyoyapeleka katika makongamano yetu. Mwenzangu anayetafuta mada ya utafiti wa nyanjani na aanze na mafundi waashi wazee wa Mutomo, Mwingi, Kibwezi na Makindu. Wanajua majina ya sehemu za nyumba ambazo kamusi zetu bado hazijayasikia, nao, kama majengo yenyewe, hawatakuwapo daima.